Neno Kama Lilivyotumika

Katika mitihani ya Kiswahili ya shule zetu limo swali moja ambalo halikosekani. Mtahiniwa hupewa kifungu cha habari akisome, kisha mwishoni huambiwa aeleze maana ya maneno matatu au manne "kama yalivyotumika katika habari". Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, kwanza Korogwe na baadaye Handeni, na majibu ya swali hilo niliyoyasahihisha hayana idadi. Wanafunzi wengi huliona kuwa ni swali la kupima nani ameyahifadhi maneno mengi. Husoma kichwa chake na kuuacha mkia. Mtahini hakuuliza neno lina maana gani. Ameuliza lilikuwa likifanya kazi gani pale lilipowekwa, na haya ni mambo mawili tofauti.

Darasani jambo hili hubaki kuwa la alama mbili au tatu. Lakini mtu atokaye huku kwetu, akitaka kusoma habari za wazee wake kwa Kiswahili, hulikuta swali lile lile likimngojea, na safari hii hakuna wa kumsahihisha. Handeni na Korogwe ni majirani. Mto Pangani, ambao wengi wetu tunauita Ruvu, unapita upande wa Korogwe. Kusini wako Wazigua, kaskazini milimani wako Wasambaa, mashariki Wabondei. Kiswahili kilipanda kutoka pwani pamoja na misafara, kikayakuta maneno ya nchi, na yaliyoandikwa tangu hapo yana alama za pande zote mbili.

Kitabu cha kuanzia ni kimoja tu: Habari za Wakilindi, cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyekaa Usambara na kuijua nyumba ya watawala wake kwa karibu. Wamisionari wa UMCA wa Magila ndio waliokichapa kwa vipande kuanzia miaka ya 1890, na mwaka 1962 kikatoka tena kikiwa kitabu kizima, kikiwa kimehaririwa na J. W. T. Allen. Kiswahili chake ni cha pwani, ila kimekaa sana milimani. Wasomaji wa kwanza wa Magila hawakuwa na kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili ya kufungua. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilitoka mwaka 1981. Zilizokuwapo wakati ule ni zile walizozitunga wageni ili kuwasaidia wageni wenzao. Kwa hiyo msomaji alikuwa na mambo mawili: sentensi iliyo mbele yake, na jirani wa kumwuliza.

Chukua neno kigego. Mbega, ambaye Wakilindi wote wanamtaja kuwa ndiye shina lao, alikuwa mwindaji wa nguruwe mwitu kutoka milima ya Nguu, iliyokuwa ndani ya Wilaya ya Handeni mpaka Wilaya ya Kilindi ilipoanzishwa mwaka 2002. Ndugu zake walimnyima urithi kwa sababu alikuwa kigego. Mwanafunzi wa leo analijua gego, jino la nyuma, na anajua kwamba ki- hudogosha. Basi kigego kwake ni jino dogo. Mwache asome hivyo mpaka mwisho wa kisa, utaona sentensi yenyewe inavyomkatalia: mtu hawezi kuwa jino, wala jino halimnyimi mtu mali ya baba yake. Kinachomnyima mtu urithi ni hali yake, au kosa lake, au uzawa wake. Hapo ajaribu tena kwa kuyashika yote mawili pamoja, yaani kisa kinachodai hali ya mtu na neno linalodai meno. Atafika karibu sana. Kigego ni mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na watu wa zamani walimhesabu kuwa nuksi kwa ukoo. Katika sehemu nyingine mtoto wa namna hiyo hakuachwa aishi.

Angalia jinsi maana ilivyopatikana. Msomaji ambaye angelidharau umbo la neno asingepata meno, na yule ambaye angekidharau kisa asingepata nuksi. Kilichobaki, yaani yale meno ya juu, hakimo katika neno wala katika sentensi. Kimo katika desturi, na desturi huulizwa kwa wazee. Nimewasikia walimu wenzangu wakisema kwamba mazingira ya habari yanatosha daima. Hayatoshi daima. Yanakufikisha mlangoni, na mara nyingine mlango hufunguliwa na bibi wa miaka themanini aliye Kwediboma, asiyejua kusoma.

Na ukiisha kuielewa kigego, kisa chote kinabadilika. Huyu si mwindaji aliyependa kutangatanga tu. Ni mtu aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya meno, akaenda Kilindi, akapata msiba mwingine wa mtoto wa mkubwa aliyefia mawindoni akiwa naye, akakimbia tena, mpaka akapokewa milimani kwa sababu ya nyama aliyowagawia watu, na mwisho akafanywa mfalme huko Vuga. Sina haja ya kubishana hapa kama yote yalitokea hivyo. Steven Feierman, aliyechapisha historia ya ufalme wa Wasambaa mwaka 1974, alikichukua kisa hiki kuwa masimulizi yenye mantiki yake, si cheti cha kuzaliwa, na nadhani alifanya vema. Lakini hata mantiki hiyo haionekani kwa msomaji anayedhani Mbega alikuwa jino dogo.

Sasa, kigego kina uungwana mmoja: kinamsimamisha msomaji. Hulijui, unasimama, unatafuta. Maneno yanayotupoteza ni yale yasiyotusimamisha. Tunayaona, tunayatambua kama jamaa zetu, tunaendelea na safari.

Akida ni mmojawapo. Kabla ya Wajerumani akida alikuwa mkubwa wa askari, mtu wa vita. Wajerumani walipoishika nchi katika miaka ya 1890 walilichukua jina hilo wakamvika mtu mwingine kabisa: mtumishi wa serikali, mara nyingi mtu wa pwani ajuaye kuandika, aliyewekwa juu ya majumbe kadhaa ili akusanye kodi, atoe watu wa kazi na kusikiliza mashauri madogo. Waingereza nao, Gavana Donald Cameron alipoleta utawala wa kienyeji kuanzia mwaka 1925, waliwaondoa maakida wakawarudisha wenye nchi. Ndipo huku kwetu neno zumbe likapata nguvu mpya. Ni la zamani. Wazigua, Wasambaa na Wabondei wote wanalo, na sauti zake zinaonyesha wazi kwamba ni ndugu wa jumbe wa Kiswahili. Lakini zumbe wa mwaka 1935 alikuwa na karani, mhuri, baraza lenye mipaka iliyoandikwa, na mshahara. Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mnamo mwaka 1862, hakuwa na mshahara wa mtu. Aliaminiwa kwamba mvua na njaa vilikuwa mikononi mwake, na kodi alipelekewa Vuga. Kisha mwaka 1963 sheria ikaufuta uchifu wote wa Tanganyika. Mtu aliyezaliwa Handeni wakati wa Wajerumani na akajaliwa umri mrefu aliliona neno zumbe likifa, likifufuka na joho jipya, kisha likifa tena.

Kwa hiyo ukikuta maandishi yanayosema kwamba zumbe aliamua hivi au vile juu ya mpaka wa shamba, usitazame sentensi ya kabla na ya baada tu. Tazama mwaka. Mwaka nao ni sehemu ya mazingira ya neno, ingawa mara nyingi umeandikwa pembeni, kwa wino uliofifia, na anayenukuu barua ndio anaoanza kuuacha.

Nataka nikae zaidi kwenye neno hongo, kwa sababu hilo limewatia aibu wazee wetu bure.

Njia ya misafara kutoka Pangani na Tanga kwenda Upare, Kilimanjaro na nchi ya Wamasai ilifuata bonde la mto, chini ya milima ya Usambara. Semboja, mtoto wa Kimweri, hakukaa juu Vuga kama wafalme waliomtangulia. Alikaa Mazinde, uwandani, pale pale njia inapopita. Ukisafiri leo kwa basi kutoka Korogwe kwenda Same unapita hapo hapo. Misafara iliyopita nchi za watu ilitoa hongo: nguo, shanga, waya wa shaba, mara nyingine baruti. Maneno ya namna hii yamejaa katika habari za karne ya 19, za waandishi wa Kiswahili na za wageni pia.

Nimewapa wanafunzi wangu mara nyingi sentensi niliyoitunga mwenyewe kwa mfano huo: msafara ulitoa hongo kwa mwenye nchi, ukaruhusiwa kupita. Nawaambia waeleze maana ya hongo kama ilivyotumika. Wote huandika rushwa. Na ukitazama haraka huwezi kuwalaumu, maana rushwa inaingia katika sentensi ile kama mguu katika kiatu. Mtu ametoa mali, ameachiwa njia. Hakuna neno hata moja pale linalopiga kelele.

Hapa ndipo ninapotofautiana na ule ushauri wa kawaida usemao kwamba ukishapata maana inayokubaliana na sentensi, endelea. Maana inayokubalika si lazima iwe ndiyo iliyokusudiwa. Kigego tulikigundua kwa sababu maana ya kwanza ilikataliwa. Hongo haikataliwi na sentensi moja. Yakupasa usubiri mpaka neno lije tena mahali pengine, na pengine tena, mpaka upatikane mstari ambamo rushwa haiwezi kukaa. Nayo mistari hiyo haichelewi kupatikana. Utakuta hongo inajadiliwa mchana kweupe mbele ya wapagazi mamia. Utakuta imerudishwa kwa sababu haikutosha, na wajumbe wakienda na kurudi siku mbili au tatu, kila mtu kambini akijua kilichotakiwa na kilichotolewa. Utakuta baada ya kupokewa hongo watu wa nchi wanaleta vyakula kuuza, na msafara unateka maji bila hofu. Nani alipata kuona rushwa inayorudishwa hadharani kwa kuwa ni ndogo, kisha mambo yakaishia sokoni?

Hongo ya wakati ule ilikuwa ushuru wa njia. Wasafiri wa Ulaya waliichukia, na wengi waliiandika kama unyang'anyi. Lakini hao hao mizigo yao ilipoingia Unguja ilitozwa forodha ya asilimia 5, kwa mujibu wa mikataba ambayo Sultani aliifunga na Wamarekani mwaka 1833 na Waingereza mwaka 1839, na sikumbuki kumsoma yeyote aliyeiita forodha hiyo unyang'anyi. Tofauti ilikuwa kwamba Sultani alikuwa na nyumba ya forodha na daftari, na Semboja alikuwa na kilima na watu wenye bunduki.

Sisemi haya ili kumsafisha Semboja. Vita vya nyumba ya Kimweri baada ya kifo chake viliwauza watu wengi sana wa nchi hii utumwani, na mwenye nguvu aliyekaa njiani aliweza kupandisha hongo apendavyo. Ukitaka kumwita mjeuri, mwite. Lakini mla rushwa ni mtu anayeuza haki isiyo yake, kwa siri, akimwibia yule aliyemweka kazini. Semboja hakuwekwa kazini na mtu, wala hakupokea kwa siri. Kijana wa Mombo au Mazinde anayesoma habari hizi na kuhitimisha kwamba rushwa ni urithi wa babu zake ameonewa na neno moja.

Neno lenyewe liligeukaje? Kwa maoni yangu lilibaki pale pale. Kilichohama ni sheria. Serikali ilipoitwaa njia iliitwaa na haki ya kutoza. Tangu siku hiyo kila aliyepokea chochote ili kumpisha mtu alikuwa akipokea nyuma ya mgongo wa serikali. Kitendo kikawa cha gizani, na neno likaingia gizani pamoja nacho.

Mkonge nitautaja kwa kifupi. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf aliletewa miche kutoka Florida, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Hiyo ndiyo iliyozaa mashamba yote unayoyaona kutoka Tanga hadi Mombo. Lakini jina mkonge halikuja na meli. Lilikuwapo tayari, likiwa jina la mmea wa porini wenye nyuzi ambazo watu walisokotea kamba, na mgeni akapewa jina la mwenyeji kwa kuwa walifanana kazi. Maandishi ya kabla ya mwaka huo yakikutajia mkonge, usione shamba la mistari iliyonyooka.

Mashamba hayo nayo yalikuwa na maneno yake. Manamba walikuwa vibarua walioletwa kutoka mbali, kila mmoja na namba yake. Tangu mwaka 1944 wengi waliandikishwa na ofisi ya wenye mashamba iliyoitwa SILABU. Korona ilikuwa mtambo wa kusaga majani ya mkonge ili zitoke nyuzi, na nyumba ya mtambo nayo ikaitwa hivyo. Kipande kilikuwa kadi ya kazi ya siku 30. Ukiimaliza kazi uliyopimiwa kwa siku, karani alikutilia alama; usipoimaliza, siku yako haikuhesabiwa. Kipande kikijaa, unalipwa. Wenzetu wa Kenya walikuwa na kipande chao, nacho kilikuwa kitu kingine: hati ya utambulisho ambayo baada ya Vita Kuu ya Kwanza kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuwa nayo, akaivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Msomaji wa Korogwe akisoma habari za Nairobi na kuuliza kipande kile kilijaa baada ya siku ngapi, hatapata jibu.

Mwaka 2021 familia moja ya kijiji fulani cha Handeni iliniomba niwasomee barua. Ilikuwa ya mwaka 1958, imeandikwa kwa penseli, na babu yao ndiye aliyeituma kutoka shamba la mkonge upande wa Korogwe. Wajukuu walikuwa wamekwisha kuisoma wenyewe. Walichotaka kwangu ni kuthibitishiwa tu, kwa maana ndani yake babu ametaja kipande chake cha Korogwe, nao walikuwa wamesikia kwamba baadhi ya mashamba ya mkonge yaliyotelekezwa yamegawiwa wananchi. Nauli ya watu watatu ilikuwa imekwisha kuchangwa. Mmoja alikuwa amenunua faili.

Niliisoma kwa sauti, polepole. Babu anasalimu, anawataja wote kwa majina. Anasema habari ya kifo cha mama yake imemfikia. Anasema hawezi kuja kwa sasa kwa ajili ya kipande chake, ambacho hakijesha, zimebaki siku tisa, na nyapara hamwachii mtu. Anasema amehamishwa kutoka kukata, sasa yuko korona, na huko miiba ni michache ila masikio yanamwuma. Hapo kijana mmoja akacheka, kwa kuwa mwaka ule neno hilo lilikuwa na maana moja tu duniani kote.

Nikawauliza ni shamba gani duniani linalobakiwa na siku tisa. Walinyamaza. Nikairudia ile sentensi, nikaeleza ile kadi ilivyokuwa, na alama za karani, na kwamba aliyeondoka kabla ya kujaza aliziacha fedha zake nyuma. Shangazi yao mkubwa, aliyekuwa mtoto wakati ule, alikuwa ameketi kwenye mkeka akipepeta mahindi. Akasema kwamba kwa miaka yote hii watu wa nyumbani walikuwa wakimlaumu baba yake kwa kutomzika mama yake, na kwamba hata mkewe alikufa akiwa na neno hilo rohoni. Akaniomba niisome mara ya tatu, pale penye siku tisa tu.

Kisha akauliza kama alizimaliza. Nilitazama ndani ya bahasha. Ilikuwamo barua hiyo moja.